Godoro Likilowa, Usikimbilie Rangi

Ijumaa iliyopita kijana mmoja wa Kasarani aliniandikia: "Kaka, nimenunua kombi yenye paa la kuinuka. Mvua ya kwanza tu, nimeamka godoro limelowa. Nipake nini hilo turubai linalozunguka paa likiinuliwa?" Nilisoma ujumbe wake mara tatu. Niliwahi kuuliza swali hilohilo, na jibu nililopewa lilinigharimu turubai zima.

Ilikuwa Aprili, masika yamekolea. Nilikuwa nimempeleka mke wangu na watoto wawili Naivasha, kombi yangu kuukuu ya Volkswagen ikiwa fahari yangu yote. Usiku wa pili mvua ilianza saa tatu na haikukatika hadi alfajiri. Maji yalipenya kwenye kona, pale mishono miwili inapokutana, yakadondokea mto wa kitinda mimba wetu. Tulimalizia usiku tumeketi viti vya mbele, watoto tumewapakata. Wakati wa kurudi, mke wangu hakusema neno hadi tulipopita Mai Mahiu. Kimya kile bado nakisikia.

Nilipofika Nairobi nilitafuta fundi. Akaniapia kwamba ana dawa, kumbe ni rangi ya mafuta, akaipaka ndani na nje. Turubai likakauka likawa gumu kama kadibodi. Mara ya tatu kufunga paa, likapasuka kwenye mkunjo. Nilipomrudia alinijibu kwamba turubai lenyewe lilikuwa zee. Lilikuwa zee, ndiyo, lakini lilikuwa halijachanika! Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Nilishonewa jipya, la pamba, na safari hii sikumwachia mtu. Uzi wa pamba ukilowa huvimba na kuziba vijitundu vya kitambaa. Kwa hiyo nililimwagia maji kwa mpira pale uani, likakauka kabisa, nikarudia tena na tena. Siku ya kwanza lilidondosha matone karibu kila mahali. Siku ya tatu ni mishono tu iliyobaki ikivuja, kwa sababu sindano huacha tundu. Nikachukua nta ya nyuki, nikaisugua juu ya kila mshono, kisha nikaipasha taratibu kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka uzi ukainywa. Jioni nzima ilikwisha hivyo, na sijawahi kutumia jioni vizuri zaidi.

Jamani, acheni kufua turubai kwa sabuni ya unga! Mabaki yake hubaki kwenye nyuzi na kuyavuta maji ndani. Maji baridi na brashi laini yanatosha. Jiki nayo iwekeni mbali, inakula uzi. Kama turubai ni la zamani, linyunyizieni maji kidogo kwanza. Matone yakiviringika na kuanguka, halihitaji dawa yoyote. Yakizama na kuacha doa jeusi, hapo ndipo mnanunua dawa ya kuzuia maji iliyotengenezwa kwa ajili ya turubai, mnapaka tabaka mbili nyepesi juu ya kitambaa safi na kikavu. Mishono ishughulikieni kabla ya dawa, maana dawa ya silikoni ikishatangulia, vitu vingine havishiki juu yake.

Halafu kuna maji ambayo si ya mvua. Julai moja niliamka nikakuta turubai linatiririka kwa ndani, na nje hakukuwa na hata wingu. Ilikuwa pumzi yetu watu wanne, imegonga kitambaa baridi. Tulianza kuacha dirisha wazi kidogo, yakaisha. Na godoro lisiegemee turubai wakati wa mvua, linavuta maji hata kwenye kitambaa kizima.

Mkirudi nyumbani saa nne usiku mmechoka, fungueni paa likauke. Msiseme mtafungua kesho. Lililofungwa likiwa bichi huota ukungu, na ukungu hula pamba. Watu wanalipa pesa nyingi kwa uvivu wa dakika kumi.

Mwishoni mwa juma lililopita tulikuwa Naivasha tena. Ilinyesha. Kitinda mimba alilala kona ileile, nami nilikesha nikipapasa mshono kwa kidole kila saa. Mkavu.

Wewe wa Kasarani, usinunue chochote bado. Mtafute mtu akumwagie maji kwa nje, wewe kaa ndani na chaki, weka alama kila panapotoa tone. Kisha nitumie picha.