Umefungua kliniki na wagonjwa hawaji? Anza na chama

Kama wewe ni klinikal ofisa ama nesi na umefungua kakliniki kako huku Umoja ama Kayole na unashinda ukiangalia mlango, kabla hujalipa mtu akupostie matangazo Fesibuku hebu soma maisha ya Elizabeth Blackwell.

Huyu mama ndiye mwanamke wa kwanza kupata digrii ya udaktari Marekani, mwaka wa 1849 pale Geneva Medical College, na wanafunzi wanaume waliombwa wapige kura kama aingie, wakasema ndiyo wakidhani ni mzaha tu, halafu akawamaliza kwa mitihani. Hiyo stori wengi wanaijua. Mimi napenda ile ya baadaye. Alirudi New York 1851 na karatasi yake safi lakini kumpata landlodi wa kumkodishia chumba ilikuwa shida, maana siku hizo ukisema wewe ni daktari wa kike watu walielewa unatoa mimba. Chumba kikapatikana, wagonjwa wapi. Na jicho moja lilikuwa limeshaenda huko Paris, aliambukizwa na mtoto aliyekuwa anamtibu, so mambo ya upasuaji akayaacha.

Sasa 1852 akaanza kuwafundisha kina mama kuhusu mwili na jinsi ya kulea wasichana wakiwa na afya. Waliokuja kumsikiliza wengine walikuwa Quaker, dhehebu moja na hawa Friends wetu wa Kaimosi, na hao hao ndio wakawa wateja wake. 1853 akafungua kliniki ya chumba kimoja ya wanawake maskini, alasiri tatu kwa wiki, na kufika 1857 ilikuwa hospitali, yeye na dadake Emily na daktari mwingine, Marie Zakrzewska.

Mimi nilijaribu hiyo njia na chama cha wamama wa ploti ya jirani. Usiende na fulaya. Beba mashine ya presha, ongea kidogo, pima kila mtu bure, halafu usikimbie kuondoka, maana maswali yenyewe hayaulizwi mbele ya watu. Kuna mama alibaki akijifanya anapanga viti, kila mtu alipotoka ndio akaniuliza pole pole kama hedhi ya kubadilisha pedi kila saa ni kawaida. Nikamwambia hapana mama, kuja kesho tuangalie damu na tukuandikie skani. Alikuja na dadake.

Na usitoe dawa hapo kwa chama hata wakuombe vipi, wewe pima, andika namba kwa karatasi, wajue mlango wako uko wapi. Mweka hazina mheshimu sana, yeye ndiye hupanga nani anaongea Jumapili na akikukataa hata mwenyekiti hatakusaidia.