Nyuso nyeusi na upepo wa ziwa

Mdogo wangu, umesema ukirekodi video kwa simu Mwaloni Kirumba, soko la samaki kando ya ziwa jijini Mwanza, nyuso zinatoka nyeusi na upepo unameza sauti. Tena hujui historia ya filamu uianzie wapi.

Nyuso: simu inapima mng'ao wa ziwa nyuma ya mtu. Mgeuze, jua limpige ubavuni, kisha gusa uso wake kwenye kioo cha simu na ushikilie mpaka kipimo cha mwanga kifungwe, kisibadilike tena.

Upepo: kipaza sauti cha kubana kifuani kivishe kifuniko cha manyoya. Sponji pekee, pale ziwani, ni pambo tu.

Historia anza na ndugu wawili Wafaransa, Lumière, walioonyesha filamu zao hadharani Paris, 1895: filamu za sekunde 50 hivi, kamera haisogei. Fanya hivyo kwa wapakua dagaa, simu ikiwa kwenye stendi. Omba ruhusa ya uongozi wa soko kwanza; droni usirushe bila kibali.