Kibarua amefukiwa na udongo shimoni: je, msimamizi ana dhima?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Nasimamia vibarua wa ujenzi hapa Tanga. Tulikuwa tukichimba shimo la choo, limefika futi 12, na ardhi ni mchanga. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi nikaona ufa ukingoni, nikamweleza mkandarasi, akasema tumalize. Nikawashusha vijana, udongo ukamfukia mmoja akafa. Ameacha mke, mama, na watoto wawili wadogo, wa kiume na wa kike. Mkandarasi amempa kaka wa marehemu pesa, na kaka amesaini karatasi ya kusamehe. Mkandarasi anasema ni ajali na qadari (mpango wa Mungu). Nami nina dhima?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Ndiyo, ndugu yangu, unayo, na mkandarasi pia anayo.

Kila kifo ni qadari, hata cha aliyeuawa makusudi, na hukumu haikuondoka kwa hilo. Huenda mkandarasi akashika hadithi ya Bukhari na Muslim isemayo kisima hakina fidia, wala machimbo. Wanavyuoni wameieleza: ni pale kibarua anapochimba kwa ujira, kikamwangukia bila mwajiri kuvuka mpaka wala kuzembea. Hapa uzembe upo wazi. Meta moja ya ujazo ya mchanga uliolowa hukaribia tani mbili. Aliyefukiwa mpaka kifuani hawezi kupanua mbavu avute pumzi. Shimo la kina hicho kwenye mchanga hukingwa kuta kwa mbao na mihimili, au kingo hukatwa kwa mteremko. Udongo uliotolewa haurundikwi ukingoni, maana uzito wake ndio unaosukuma ukuta. Ngazi hubaki ndani muda wote, na baada ya mvua hashuki mtu mpaka mjuzi akague. Ufa ulikuwa dalili kwamba ukuta umeshaanza kuachana na ardhi. Mliuona, mkajua, mkawashusha watu.

Hii si qatli (uuaji) ya makusudi. Ni ya kukosea, kwa njia ya kusababisha, na Aya ya 92 ya Suratun-Nisaa imeweka mambo mawili: diya, yaani fidia ya damu kwa warithi, na kafara, yaani tendo la kufutia kosa: kumwacha huru mtumwa, na asipopatikana, kufunga.

Diya ya Mwislamu mwanamume ni ngamia 100 au thamani yake, na katika kukosea hulipwa na aqila, yaani jamaa wa kiumeni wa mkosaji, kwa miaka mitatu. Nendeni kwa kadhi akadirie thamani na fungu la kila mmoja wenu. Kuitoa ni lazima hata kama mahakama za nchi haziidai.

Ile karatasi haina uzito. Kaka si mrithi, kwa kuwa marehemu ana mtoto wa kiume. Diya hurithiwa kama mali nyingine, baada ya madeni ya marehemu: katika mafungu 24, mke 3, mama 4, watoto 17, wa kiume mara mbili ya wa kike. Mke na mama wanaweza kusamehe mafungu yao kwa ridhaa. Fungu la watoto halisamehewi na yeyote, hata mama yao, maana ni mali ya yatima.

Kafara haigawanywi. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kila aliyeshiriki kusababisha hufunga miezi miwili mfululizo, kwa kuwa mtumwa wa kumwacha huru hayupo. Ukila siku moja bila udhuru, unaanza upya. Usianze Shaaban, Ramadhani itakukata. Wala mwishoni mwa Mfunguo Mosi (mwezi unaofuata Ramadhani), Idi ya kuchinja itakukuta njiani. Mfunguo Nne na Mfunguo Tano (Muharram na Safar) hazina kikwazo.

Sheria ya nchi ina njia yake. Kifungu cha 195 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kuwa ni kuua bila kukusudia pale mtu anapoacha, kwa uzembe mkubwa, wajibu wa kulinda uhai. Msamaha wa familia hauifungi Jamhuri. Ukiulizwa na polisi au wakaguzi wa OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi), sema ukweli wote, pamoja na ule ufa. Kuficha ushahidi ni dhambi nyingine. Msaidie mjane kudai kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi mapema, wala mkandarasi asimkate pesa za fidia hiyo kwa kisingizio cha alichompa shemeji yake.

Wallahu aalam.