Programu imefungwa, RAM bado imejaa

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Kompyuta yangu ina Windows 11 na RAM ya GB 8. Nikimaliza kuhariri video na kuifunga programu, RAM inabaki imejaa kwa asilimia 80. Nimeweka programu ya kusafisha RAM. Nikiibonyeza inashuka hadi 40, lakini dakika chache baadaye inapanda tena. Je, RAM imekufa, au nitafute kisafishaji chenye nguvu zaidi?

JIBU: Salama, ndugu msomaji. RAM (memori ya muda ambamo programu hufanyia kazi) ikiwa mbovu hujulikana kwa kompyuta kuganda, kujizima au kuleta skrini ya buluu, si kwa kujaa. Yako haijafa. Hicho kisafishaji kiondoe leo hii.

Hakisafishi chochote. Kazi yake ni kuiamuru Windows iwapokonye programu zote zilizo wazi data zao zilizomo kwenye RAM. Nyingine zinawekwa kando, nyingine zinaandikwa kwenye diski. Namba inashuka, nawe unafurahi. Kisha programu zinazihitaji data zilezile na kuanza kuzirudisha, baadhi kutoka kwenye diski ambayo, hata ikiwa SSD (diski ya kisasa yenye kasi), ni ya polepole mno mbele ya RAM. Kule kupanda unakokulalamikia ni kompyuta inayorudishia ilichonyang'anywa.

Sasa tatizo lako. Programu ikifa kweli, Windows huichukua memori yake, hata kama aliyeiandika alisahau kuiachilia. Basi ama haijafa, ama anayeshikilia ni mwingine. Alama ya X hufunga dirisha tu. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc ili kufungua Task Manager (orodha ya programu zinazoendelea), ingia Details, panga kwa memori, utazame kama jina lake au la wasaidizi wake bado lipo. Ukilikuta, hakikisha video imekwisha kuhifadhiwa, kisha iue kwa End task. Ikiwa inajirudia kila siku, weka toleo jipya.

Hukuiona? Humohumo fungua Performance, kisha Memory, usome Non-paged pool, yaani memori ya mfumo isiyoweza kuhamishiwa kwenye diski. Ikiwa imefika GB kadhaa na bado inapanda, kuna draiva (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa fulani) inayovuja, yaani inachukua memori bila kuirudisha. Draiva hukaa ndani ya kiini cha mfumo, ndiyo maana kufunga programu hakuigusi. Isasishe, kisha chagua Restart. Usichague Shut down: tangu Windows 8, Fast Startup ikiwa imewashwa, kuzima huhifadhi kiini kwenye diski, na ukiwasha kinarudi vilevile pamoja na uvujaji wake. Wengi huapa kwamba wamezima na kuwasha mara kumi bila nafuu, na wanasema kweli.

Kinachoniudhi ni wanaowaaminisha watu kwamba RAM tupu ndiyo RAM nzuri. Windows, Linux na macOS zote hutumia kwa makusudi nafasi iliyolala kuhifadhi data za mafaili uliyofungua, na huiachia mara tu programu inapoihitaji. Anayekuuzia utupu anakuuzia kompyuta nzito, na mara nyingi programu yake hudai ruhusa za msimamizi, yaani funguo za nyumba nzima. Wengine wanashauri uzime pagefile (faili la kwenye diski linaloisaidia RAM ikijaa) ili RAM ifanye kazi peke yake. Kwa GB 8 na kazi ya video, ukifuata ushauri huo memori inaweza kuisha katikati ya kuhariri, programu ikajifunga ghafla, na kila ambacho hukuhifadhi kikapotea.