Enameli ni kioo, si rangi: majibu kwa wenye bangili

Nilinunua bangili ya dhahabu Istanbul yenye maua ya bluu. Baada ya miezi mitatu bluu inabanduka. Ndivyo enameli ilivyo?

Sivyo, dada. Fundi husaga kioo cha rangi kikawa unga, akaulowesha, akaujaza kwenye vijumba vidogo vya dhahabu, kisha akachoma tanurini kwa nyuzi 800 hivi. Unga ukiyeyuka hupungua, kwa hiyo hujaza na kuchoma tena na tena hadi kijumba kijae, ndipo anasugua kwa jiwe mpaka uso ulingane. Vile vikombe vyeupe vya bati vyenye ukingo wa bluu ni kazi hiyohiyo: kikianguka kinamomonyoka na kuacha doa jeusi, hakibanduki kama rangi ya kucha. Uliyouziwa ni gundi ya plastiki. Siku nyingine igusishe kwenye meno: kioo ni baridi na kigumu. Halafu mwambie muuzaji aandike kwenye risiti kwamba imechomwa tanurini. Akikataa, mwachie mali yake.

Bangili yangu ya Syria imepigwa muhuri 875. Nimeibiwa?

Hujaibiwa. 875 ni karati 21, yaani sehemu 875 za dhahabu safi katika kila 1000, kipimo cha kawaida Syria, Jordan na Misri. 916 ni karati 22, ya bangili za Uturuki. Nimeshalijibu hili mara nyingi mno. Someni muhuri kabla ya kumwita mtu mwizi.

Bawaba ya bangili yangu ya enameli imekatika. Sonara anasema ataichoma lehemu dakika tano tu.

Ichukue kwake leo hii. Moto wa ghafla hupasua kioo, na tindikali anayochovyea baada ya lehemu hula mng'ao wake. Tafuta anayejua enameli, hata ukisubiri mwaka.

Bangili ya fedha ya mama mkwe, kutoka Van, mashariki mwa Uturuki, ina michoro myeusi. Ni enameli nyeusi?

Hiyo ni savat: fedha, shaba, risasi na salfa vilivyoyeyushwa pamoja na kujazwa kwenye michoro. Mafundi wa Kiarmenia wa Van walisifika kwayo. Usiisugue kwa dawa ya kung'arishia, weusi utakwisha.

Nani alianza enameli, Waturuki au Wagiriki?

Acheni ubishi huu, kazi hii ni ya kale mno. Pete za dhahabu zenye enameli zimechimbuliwa Kouklia, Cyprus, za karne ya 12 kabla ya Kristo.

Niko Muscat. Bibi aliolewa Aleppo, Syria, akaniachia bangili ya enameli. Sonara ananunua kwa uzani na anakata uzito wa kioo. Niuze?

Usiuze kwake, mwanangu. Kwake kioo ni uchafu. Atakivunja kwa nyundo na dhahabu itaingia kwenye chungu cha kuyeyushia. Tumezoea kupima vito kwa gramu kama sukari, na kila mwaka kazi za mikono zinapotea hivyo. Kule Thessaloniki, Ugiriki, mwaka 1938, zilipatikana bangili mbili za dhahabu za karne ya 9 au 10, zimejaa vibao vya enameli vyenye ndege na maua. Leo ziko makumbusho ya mji huo, na hakuna anayeuliza zina gramu ngapi. Kama shida imekubana, ipige picha pande zote, tafuta muhuri kwa ndani, kisha ipeleke kwa mfanyabiashara wa vito vya kale, ukasikie bei zaidi ya moja. Na bibi mwenyewe kama alisimulia aliipataje, andika maneno yake uyafunge pamoja nayo.