Madini kwa ng'ombe mwenye mimba: maswali ya wafugaji wa Unguja na Pemba

Assalamu alaykum. Ng'ombe wangu ana mimba ya miezi saba. Akifunguliwa tu anatafuna mifupa, matambara na kamba. Ni ugonjwa gani? (Makunduchi)

Waalaykumu salaam. Mara nyingi hiyo ni njaa ya fosforasi. Ardhi ya maweni ya upande wenu ina chokaa tele, na chokaa huishika fosforasi isipande kwenye majani. Zinki na shaba nazo hupanda kwa tabu. Tena ndama ndiyo kwanza anaanza kukua kwa kasi: sehemu kubwa ya uzito wake wa kuzaliwa huipata miezi mitatu ya mwisho, na mifupa yake hujengwa kwa madini ya mama.

Mpe pumba laini kilo 1 hadi 2 kwa siku. Kilo moja ya pumba za ngano ina fosforasi karibu gramu 10. Za mpunga nazo ni nzuri, ila zisugue mkononi kwanza: zikichoma kiganja, hayo ni makapi, lishe hamna. Changanya na unga wa madini ya mifugo, gramu 50 hadi 100 kwa kufuata lebo. Pima mara moja kwenye mizani ya dukani, tia alama kwenye kikopo, kisha tumia kikopo hichohicho kila siku. Mifupa yote iokote uifukie. Ya mizoga huweza kuwa na sumu ya botulizimu, na ng'ombe akiila hupooza akafa.

Jiwe la kulamba peke yake halitoshi? (Fuoni)

Halitoshi. Jiwe gumu hulambwa kidogo, na huwezi kujua nani kalamba kiasi gani. Litundike bandani mvua isilifikie, lakini unga kwenye pumba uendelee.

Nina mwani mkavu uliobaki. Nimpe ng'ombe mwenye mimba apate madini joto? (Jambiani)

Dada yangu, usiutegemee. Madini joto yamo, ila kiasi chake hakilingani fungu hadi fungu. Yakipungua, ndama huzaliwa na uvimbe kooni, pengine bila manyoya, pengine amekufa. Yakizidi mno, uvimbe uleule hutokea. Chumvi ya kupikia yenye madini joto, gramu 30 hivi kwa siku, ni salama zaidi. Kama unga wako wa madini tayari una chumvi hiyo, usiongeze.

Ng'ombe wangu chotara wa Jersey kazaa usiku, asubuhi hawezi kusimama. Masikio ya baridi, shingo kaipindia ubavuni. Tangu nimkaushe, yaani niache kumkamua, nimemlisha lusina (malisho ya jamii ya kunde) kwa wingi na chokaa ya mifugo ili apate nguvu. Imekuwaje? (Wete)

Hiyo ni homa ya maziwa, yaani kalsiamu imeshuka ghafla kwenye damu, na haingoji kesho. Muite daktari wa mifugo sasa hivi. Huku ukimsubiri, mkalishe kifudifudi kwa kumwegemeza magunia ya majani, asilale ubavu akajaa gesi. Usimnywishe kitu chochote: kumeza kwake kumelegea, dawa itaingia mapafuni. Daktari atamtia kalsiamu kwenye mshipa, polepole, huku akisikiliza moyo. Ikiingia haraka moyo husimama. Wengi huinuka ndani ya saa chache. Siku mbili za mwanzo usimkamue mpaka mwisho.

Sababu ni hiyo kalsiamu nyingi ya lusina na chokaa uliyompa kabla ya kuzaa. Maji ya damu yake yote yana kalsiamu gramu 3 hivi, na lita 10 za dang'a, maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, huchukua zaidi ya gramu 20. Pengo hilo huzibwa kwa akiba ya mifupa. Mwili uliolishwa kalsiamu tele kwa miezi miwili huwa umeacha kuitoa mifupani, na kuianza upya huchukua siku kadhaa. Mimba ijayo, wiki tatu za mwisho ondoa lusina na chokaa. Mpe majani ya tembo, pumba na unga wa madini wenye magineziamu. Kalsiamu irudi siku ya kuzaa. Chotara wa Jersey, hasa kuanzia uzao wa tatu, ndio wanaoanguka zaidi.

Ndama wa pili mfululizo kazaliwa dhaifu, miguu imekakamaa, na mama hakutoa kondo la nyuma. (Micheweni)

Vikiandamana hivyo, shuku upungufu wa seleniamu na vitamini E. Ng'ombe mkubwa anahitaji seleniamu miligramu 3 tu kwa siku, na ikizidi huua. Kwa hiyo sindano, ambayo hupigwa wiki tatu au nne kabla ya kuzaa, muachie daktari apime dozi. Kondo likikaa zaidi ya saa 12 baada ya kuzaa, usilivute wala usilifungie jiwe, utachana kizazi. Vaa glavu, na omba kipimo cha ugonjwa wa brusela, maana nao huzuia kondo na huambukiza watu.

Ndama mwenyewe apewe lita 2 za dang'a ndani ya saa mbili, na lita 2 nyingine kabla ya saa 12 kupita. Asipoweza kunyonya, mkamulie umpe kwa chupa yenye chuchu. Shaba na chuma ni haba kwenye maziwa; wiki za mwanzo ataishi kwa akiba ya ini aliyoipata tumboni, kwa hiyo unga wa madini wa mama uanze mimba ikifika miezi sita.