Upande wa mbele wa kitambaa utaujuaje? Jibu la fundi wa Nairobi

Dada, umesema umenunua gabadini nyeusi na kitenge pale Eastleigh, fundi akakuuliza upande wa nje ni upi, ukashindwa kumjibu. Wengine hapa wameshakuambia kwamba upande unaong'aa ndio wa mbele. Kwa satini, sawa. Kwa vitambaa vingine jibu hilo litakupoteza. Kuna krepu inayong'aa upande mmoja na kufifia upande wa pili, na wateja wangu wengi huniambia niufiche ule mng'ao ndani. Kitambaa umekinunua wewe, ukipenda nyuma yake kivae nyuma ikiwa nje. Ila lazima kwanza ujue ipi ni ipi.

Nashona hapa mjini, zaidi nguo za harusi na sare za kwaya, na nikipokea kitambaa nisichokijua huanza kwa kutoka nacho mlangoni. Zile taa nyeupe za madukani hufanya kila cheusi kifanane na kingine. Ukiwa juani, kunja pembe moja ili pande zote mbili zikae bega kwa bega, kilaze mezani au kwenye goti, kisha kigeuzegeuze polepole. Usikiinue kukimulika, kwa sababu mwanga ukipenya huoni kitu.

Gabadini ina vijistari vya mshazari. Mbele vimesimama, na ukipitisha ukucha kwa kuvikata unavisikia vikikwaruza. Nyuma pako bapa zaidi. Mara nyingi vya mbele hupanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia, na ukigeuza kitambaa vinaelekea kwingine. Lakini zipo pamba zilizofumwa kinyume, kwa hiyo mwelekeo peke yake usikuamulie. Fuata upande ambao vijistari viko wazi. Jinzi nayo imefumwa kwa mshazari, ila rangi yenyewe inakusemea: nyuzi za mtando, zile za urefu, zimetiwa buluu, za mshindio, zile za upana, zimeachwa nyeupe, na mtando ndio uliojitokeza zaidi mbele.

Kwenye kitenge anza na pindo, ule ukingo wa kiwandani. Maandishi yakisomeka uko mbele, yakiwa kinyumenyume uko nyuma. Kitenge cha nta halisi, kama cha Vlisco, kampuni ya Helmond kule Uholanzi iliyoanza mwaka 1846, hupigwa nta pande zote mbili kabla ya kutiwa rangi, ndiyo maana ukikigeuza tofauti ni ndogo sana. Vile vya bei ya chini vimechapwa upande mmoja tu na nyuma imepauka, hapo hata mtoto atakuonyesha. Vinavyosumbua ni vya kati, vilivyochapwa upande mmoja lakini rangi ikapenya vizuri, na pindo lenyewe muuzaji ameshalikata. Mimi hutafuta nukta ndogo au mstari mwembamba kabisa kwenye mchoro. Mbele kingo zake zimekatika safi, nyuma zimetawanyika kidogo kwenye uzi. Kama kina nakshi ya dhahabu, dhahabu imepakwa mbele tu.

Leso haina mjadala, jina likisomeka uko mbele. Hata hivyo nimeshaona gauni la leso limeshonwa maneno yakiwa kinyume kifuani, na mwenye gauni alikuwa amelipa pesa zote.

Lesi na vitambaa vya kudarizi vigeuze tu. Nyuma utakuta mafundo na nyuzi zinazoruka kutoka ua hadi ua. Kitambaa cha fulana kinataka jicho la karibu: mbele utaona safu za V ndogondogo zilizosimama, nyuma ni vilima vidogo vilivyolala. Kama ni chepesi mno na macho yamechoka, shika ukingo uliokatwa kwa upana, uuvute. Utajikunja kuelekea upande wa mbele. Zile mbavu za kolani na mikononi hazijikunji hivyo, usizipime kwa njia hiyo.

Kuna na wale wanaofuata vitundu vya pindo. Pindo la vitambaa vingi lina vitundu vya sindano za mashine iliyokivuta wakati wa kukikausha, na mafundi wengi huapa kwamba palipochomoza ndipo mbele. Mimi huvitazama mwisho, baada ya kila kitu kingine, kwa sababu si kila kiwanda hupitisha kitambaa uso ukiwa juu. Mkunjo wa jora nao sikuhizi hausemi lolote. Muuzaji ameshalikunjua na kulikunja upya kwa kila mteja aliyepita.

Popilini ya rangi moja, marekani, kikoi, shuka la Kimaasai: hizi usijisumbue kutafuta. Chagua upande mmoja, na ukishachagua usibadilishe hata kwa kipande cha mfuko. Niliwahi kuletewa gauni za wasimamizi wa harusi zirekebishwe, zimekatwa kwingine. Ndani ya chumba zilikuwa safi. Tulipozitoa nje, gauni moja lilikuwa na mkono uliofifia, ingawa kitambaa ni cha jora lilelile. Aliyekata alikuwa ametoa mikono miwili ya kushoto, na badala ya kukata mwingine akageuza mmoja. Picha za harusi hupigwa juani, na kitambaa hakikubaki. Ikabidi tukate mkono mpya kutoka kwenye mshipi wa kiunoni.

Kwa hiyo mwambie fundi wako akikunje kitambaa mbele kwa mbele kabla hajashika mkasi. Akikata tabaka zote mbili kwa pamoja, mikono itatoka wa kulia na wa kushoto bila kufikiria, na alama za chaki zitaangukia nyuma. Kila kipande kiwekwe alama, hata kola. Kwenye satini asitumie ile chaki ya nta, ikipigwa pasi inaacha doa la mafuta. Afadhali achome pini au apitishe uzi wa rangi nyingine kwenye ile nafasi ya ziada inayobaki ndani ya mshono, pale ambapo hata tundu likibaki halitaonekana.